Dizeli ya Mimea: Tuulize Kwanza Shamba ni la Nani

MWAKA 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, ilionyeshwa injini ndogo ya dizeli iliyoendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ilikwenda vizuri hata watazamaji wachache tu waliotambua tofauti. Rudolf Diesel mwenyewe, aliyeibuni injini ya namna hiyo, alilisimulia jambo hili mwaka 1912, akaongeza habari ambayo kwetu ni nzito kuliko injini yenyewe: wazo la jaribio lile lilitoka kwa Serikali ya Ufaransa, ambayo ilikuwa ikiyafikiria makoloni yake ya Afrika, ambako karanga hustawi.

Basi tangu mwanzo swali la mafuta ya mimea lilikuwa na pande mbili, wa injini na wa ardhi. Lakini kila bei ya dizeli inapopanda, huzungumzwa upande wa kwanza peke yake. Mwaka 2022 bei zilipanda hata Serikali yetu ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia mwezi Juni. Si ajabu kwamba wapo wanaouliza kwa nini malori yasinyweshwe mbono, mawese au alizeti, mimea ambayo tunayo.

Upande wa injini jibu si gumu. Mafuta ya mimea huwaka katika injini ya dizeli, ila ni mazito. Yakitiwa hivi hivi, nozeli huziba, masizi hujikusanya, ringi za pistoni hunata, na mafuta ya kulainishia injini huharibika. Fundi anayejua kazi yake hufunga tangi la pili na kuyapasha mafuta hayo kwa maji ya moto ya injini. Lori huwashwa kwa dizeli, huhamia mafuta ya mimea likishapata joto, kisha hurudishwa kwenye dizeli kabla ya kuzimwa. Njia nyingine ni kuyageuza kiwandani kwa methanoli na soda kali, yakawa mepesi, na gliserini ikatengwa. Walimu wa kemia wanalijua jambo hili. Wanajua pia kwamba methanoli ni sumu, wala si kitu cha kuchezewa uani.

Ugumu uko katika ardhi. Ulaya ilipotunga sheria mwaka 2003 na 2009 za kuongeza nishati ya mimea katika magari yake, makampuni ya kigeni yalikuja Afrika kutafuta mashamba. Tuliambiwa mbono huota popote, hata penye ardhi iliyochoka. Kuota huota, bali kuzaa mafuta ya kutosha bila maji na bila rutuba ni jambo jingine, na hilo wenye mitaji waligundua wakiwa wamechelewa. Huko Kisarawe kampuni moja ya Kiingereza ilipewa maelfu ya hekta zilizokuwa za vijiji. Mwaka 2011 kazi ilisimama. Vibarua walirudi majumbani, na wanakijiji waliokuwa wakikata kuni, kuchimba dawa na kuteka maji katika msitu ule wakabaki wanauliza ardhi ni ya nani sasa. Maana ardhi ya kijiji inapohamishwa ili apewe mwekezaji, haiwi tena ya kijiji. Na mwekezaji akishindwa, hairudi yenyewe.

Hapo mwandishi wa makala haya hawezi kuwalaumu wageni peke yao. Mgeni huomba. Anayetoa ni sisi, kwa muhuri na sahihi.

Wengine watasema tuache mbono, tutumie mawese na alizeti. Lakini nchi hii bado huagiza mafuta ya kula kutoka ng'ambo. Kuyachoma katika lori mafuta ambayo mama wa Dodoma au Kigoma anayanunua kwa taabu ni kuipunguza sufuria ili kulijaza tangi. Mafuta yaliyokwisha kukaangia katika mahoteli ni habari nyingine. Hayo yakusanywe, yachujwe, yageuzwe dizeli, ingawa hayatatosha ila kwa malori machache.

Tulicho nacho kwa wingi ni gesi asilia. Iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na haihitaji shamba la mihogo la mtu yeyote. Injini ya dizeli haiiwashi gesi kwa mgandamizo wake wa kawaida: hutiwa plagi, au gesi huchanganywa na dizeli kidogo ya kuanzishia moto. Kiwanda cha saruji cha Dangote huko Mtwara kimekwisha kuonyesha kwamba malori mazito yanaweza kuendeshwa kwa gesi. Kikwazo ni njia. Lori liendalo Tunduma au Kigoma haliwezi kutegemea vituo vya Dar es Salaam, na mitungi yake mizito hula nafasi ya mzigo. Fedha za umma zianzie hapo, katika vituo vya kujazia gesi kando ya barabara kuu za kwenda bara.

Na ndugu aliye ofisi ya wilaya, siku litakapomfikia tena ombi la hekta elfu kadhaa za kulima dizeli, asilipeleke mbele kabla ya kusoma muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji: nani walihudhuria, waliambiwa nini, na kama wapo walioelezwa kwamba ardhi hiyo haitarudi.