Msiseme "Mama Hali"

Kila familia siku hizi ina kundi lake la WhatsApp, na kila jioni inapita sentensi ileile: "Mama hajambo, ila hali." Tunajibu "Mungu amsaidie," tunalala. Nimeichoka sentensi hiyo. Inamshtaki mzee wa watu kwa kosa letu, kisha sisi inatuachia huru.

Hali nini? Hebu nenda jikoni ukakione hicho anachokikataa. Mwaka jana nilikaa wiki mbili kwa mama, Pangani. Siku ya kwanza, saa nane mchana, dada wa kazi aliweka sinia juu ya kigoda, chumbani: ugali umeshaota ngozi, mchicha wa kuchemsha, nyama ngumu kama soli. Chumvi iliondolewa yote kwa sababu ya presha, wakati daktari alisema ipunguzwe. Nazi iliondolewa kwa sababu mmoja wetu alisikia jambo redioni. Pangani, jamani, penye minazi! Nusu saa baadaye sinia lilirudi kama lilivyokwenda, na taarifa ikaingia kwenye kundi.

Meno ya mama yalikuwa kwenye kikombe dirishani. Yalikuwa yanamkwangua ufizi tangu Ramadhani. Alivyozidi kukonda ndivyo yalivyozidi kulegea. Watoto sita tuliokwenda shule tuliuliza kila siku kama amekula. Hakuna aliyeuliza kama anaweza kutafuna. Badala yake tulichanga, tukanunua kopo kubwa la maziwa ya virutubisho lenye picha ya wazee wanaocheka.

Na kuna dawa. Mama anaziweka kwenye kopo la biskuti. Metformin, dawa ya kisukari wanayomeza wazee wengi, inaweza kukata hamu ya kula na kuvuruga tumbo. Nyingine hukausha mdomo au kuacha ladha ya chuma. Sisemi mzitupe, maana madaktari wa uani tunao wa kutosha. Nasema kopo zima libebwe hospitali, na mzee apimwe uzito. Mwenye kilo 60 akipoteza 3 ndani ya miezi sita bila kukusudia, hapo pana jambo la kuchunguzwa, na anayesema "uzee tu huo" anatafuta kisingizio cha kutopanda basi.

Halafu uji! Tunaamini kila mwenye mvi kaumbiwa uji. Uji wa sembe, mwepesi kama maji ya kunawa, vikombe vitatu kwa siku: tumbo linajaa, misuli inakwisha. Mwili wa mzee unataka protini nyingi zaidi kwa kila kilo kuliko wa kijana (mwenye maradhi ya figo amsikilize daktari wake). Kama ni lazima uwe uji, basi utiwe maziwa na karanga za kusaga, na yai liwe pembeni. Apewe kidogo kidogo, hata mara tano, si mlima mmoja wa ugali wa kumtisha. Uzeeni pua na ulimi hufifia, kwa hiyo huyo ndiye anayehitaji limau, tangawizi na kitunguu saumu kuliko sisi sote. Sisi tunampa chakula kisicho na harufu, tunashangaa hakitamani.

Lakini kinachonichoma zaidi ni lile sinia la chumbani. Mwanamke aliyelisha watu kumi kwa sufuria moja miaka arobaini, leo anasukumiwa chakula mlangoni kama mahabusu, ale peke yake akitazama ukuta. Wewe ungekula?

Siku ya tatu nilitandika mkeka uani, nikamwomba asimamie changu wa kupaka. Alinigombeza mbele ya wajukuu: tui zito nimelitia mapema, limekatika, nani alinifundisha? Akataka ndimu, akataka pilipili, akaukataa mwiko wangu na kuchukua wake. Tukala wote, kwa mkono. Samaki laini hahitaji meno. Alimaliza kipande chake, akachokoa kichwa cha samaki wangu bila kuomba ruhusa. Wiki iliyofuata tulimpeleka kwa fundi wa meno.

Kaka yangu alipiga simu kutoka Mwanza, nikamwambia mama anakula.

"Unaona?" akasema. "Lile kopo limesaidia."

Kopo walikuwa wanalinywa wajukuu.