Ligi ya Mchangani Inahitaji Katibu

Muulize mwanafunzi yeyote wa chuo hiki bingwa wa kwanza wa ligi ya taifa ni nani. Mashabiki wa Msimbazi watajibu haraka: Simba. Anayejua zaidi atawasahihisha kwamba mwaka 1965 klabu hiyo ilikuwa bado inaitwa Sunderland, na jina la Simba lilikuja 1971. Hapo sawa. Sasa endelea. Nani alishika nafasi ya pili? Nani alifunga magoli mengi? Nimelipeleka swali hili kwenye korido ya hosteli yetu, kwa watu kumi na kitu, wakiwemo wanaokariri hadi namba za jezi za Arsenal. Niliambulia kimya, na mmoja akaniuliza, "Ticha, na wewe bwana, ya nini hayo?"

Nitamjibu kwa kisa changu mwenyewe, ambacho sijivunii hata kidogo.

Kwetu ni Nkoaranga, juu ya Tengeru, kwenye migomba na kahawa za Mlima Meru. Mwaka juzi, likizo ndefu, vijana wa nyumbani tulianzisha ligi. Siyo bonanza la siku moja la kugombea mbuzi, hayo tunayo tangu zamani. Hii ilikuwa ligi kamili: timu 8, kila moja inakutana na nyingine mara moja, mechi 28 kwa wikiendi saba. Ada ya ushiriki sh. 20,000 kwa timu, iliyoishia kwenye mbuzi, mipira miwili na soda ya refa. Kulikuwa na bodaboda wa kituoni, vijana wa kwaya, mafundi ujenzi, na timu moja ya wazee waliokataa kuitwa wazee. Jezi nyingi za kuazima. Uwanja wenyewe una mteremko, kwa hiyo ukianza kushambulia kuelekea bondeni, maliza kazi mapema, maana kipindi cha pili utapanda mlima. Mwezi wa saba ukungu ukishuka, kipa wa goli la juu anasikia mpira kabla hajauona. Kiukweli sijawahi kufurahia mpira kama msimu ule.

Kwa kuwa mimi ndiye "msomi", nikapewa ukatibu. Kazi ilikuwa kuandika matokeo, wafungaji, kadi, na orodha ya majina kabla ya mechi ili watu wasilete mamluki kutoka Usa River. Wikiendi tatu za mwanzo nilikuwa katibu wa kweli. Ya nne nilikuwa nacheza, nikasema nitaandika usiku. Ya tano nikasema nitakumbuka. Baada ya hapo daftari likakaa juu ya kabati, mama akalikuta, akaanza kuandikia hesabu za ndizi anazopeleka sokoni Tengeru. Simlaumu, zaidi ya nusu lilikuwa tupu.

Siku ya mwisho timu mbili zikalingana pointi. Tukahitaji tofauti ya magoli. Kila timu ikaja na hesabu yake, zote kwa mdomo, zote kwa kuapa. Nusura watu wapigane. Mwishowe mzee mmoja akaamua mbuzi achinjwe, ale kila mtu, na bingwa asitangazwe. Tulicheka, tukala. Mpaka leo ukifika kituo cha bodaboda, bingwa ni bodaboda. Ukienda kwa mafundi, bingwa ni mafundi.

Hilo la mbuzi naweza kulisimulia nikicheka. La pili siwezi. Kwenye timu ya bodaboda kulikuwa na dogo mmoja, fundi pikipiki, miaka 18, mguu wa kushoto. Aliishia kidato cha pili. Miezi michache baadaye akaja kocha wa timu ya madaraja ya chini kutafuta wachezaji, akaelekezwa kwangu kama katibu wa ligi. Akauliza: huyu kijana amecheza mechi ngapi? Nafasi gani? Ana magoli mangapi? Nikasema, "Mengi, kocha." Akasema, "Mengi ni mangapi?" Sikuwa na jibu. Kalamu yake ilikuwa wazi na hakuandika kitu. Aliondoka na jina la kijana mwingine wa jirani, mwanafunzi wa sekondari, ambaye mwalimu wake wa michezo alikuwa na karatasi za UMISSETA: mechi, magoli, tarehe ya kuzaliwa, kila kitu.

Sisemi yule fundi angechukuliwa. Huenda kocha asingempenda. Lakini hakukataliwa kwa mguu wake, alikataliwa kwa kalamu yangu. Na hapo ndipo ninapobishana na wanaosema "ni mchangani tu". Sisi tunaosoma elimu tunapenda kuzungumzia wanaoacha shule kana kwamba hasara yao ni masomo peke yake. Kijana aliye shuleni anaandikwa: mahudhurio, mitihani, hata magoli. Akitoka getini, hakuna tena wa kumwandika. Mpira wa mchangani ni mahali pachache ambapo bado anaonekana na umati kila Jumapili, halafu sisi wenye kalamu tunakaa pembeni tunapiga picha za kuweka stetasi.

Mtaniambia hayo ni mambo ya nchi zenye hela. Muhula uliopita, nikiandaa wasilisho la somo la elimu ya michezo, nilikutana na habari za Victorian Football Association, iliyoanzishwa Melbourne mwaka 1877. Ni mpira wa Kiaustralia, ule wa mikono na miguu, mpira wenyewe umechongoka kama yai, na sheria zake za kwanza ziliandikwa 1859. Wachezaji walikuwa wa ridhaa kama sisi. Hakukuwa na ratiba ya pamoja, makatibu wa klabu walipangiana mechi wao kwa wao. Hata bingwa miaka ya mwanzo hakupatikana kwa pointi, utaratibu wa pointi ulikuja 1888. Fujo zilezile za kwetu, ukiacha mbuzi. Lakini leo, mimi wa Nkoaranga, najua bingwa wa msimu ule wa 1877 alikuwa Carlton, kwa sababu magazeti ya mji yaliandika mechi zao wiki kwa wiki. Tofauti yetu na wao hapo haikuwa nyasi wala viti.

Na wala si lazima twende Melbourne. Uwanja wa Arusha mjini unaitwa Sheikh Amri Abeid. Wengi tunapita pale bila kujua kwamba huyo ndiye aliyechapisha, mwaka 1954, kitabu cha sheria za kutunga mashairi, mambo ambayo washairi wengi waliyabeba kichwani. Sasa tunajengewa uwanja mwingine wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027. Huko kila pasi itahesabiwa na kompyuta. Huko hawanihitaji.

Ninachoomba ni kidogo. Likizo ndefu ijayo, kila mmoja wetu anayerudi kijijini kwenye ligi, aombe ukatibu, na asiuache wikiendi ya nne kama mimi. Na waziri wa michezo wa serikali yetu ya wanafunzi, badala ya bajeti yote kuishia kwenye fulana za bonanza, atenge kabati moja maktaba la kupokea nakala za madaftari hayo. Msiniambie kundi la WhatsApp linatosha. Matokeo machache ya wikiendi ya sita yalikuwa kwenye simu yangu, na simu hiyo iliibiwa stendi.

Bumu lilipotoka nilinunua kaunta buku, nikakaa na wachezaji wa timu zote nane kujaribu kurudisha ule msimu. Mechi 21 tumekubaliana matokeo. Saba bado zina alama ya kuuliza. Yule fundi tumemwandikia magoli 9 yasiyo na ubishi. Yeye mwenyewe anasema ni 12.