Kura Yetu Haijumlishwi Kienyeji

Juzi bwenini tulibishana mpaka usiku wa manane. Eti wagombea walioshindwa urais wa serikali ya wanafunzi waungane bungeni wamng'oe aliyeshinda. "Hesabu iko wazi," akasema mwenzangu, "tukijumlisha kura zetu, sisi ndio wengi." Nikamwambia, hesabu hiyo Kanada walishaipiga.

Oktoba 2008, Conservative ya Stephen Harper ilipata viti 143 kati ya 308. Iliongoza, lakini haikufika nusu. Mwezi uliofuata serikali yake ikataka kufuta ruzuku ya vyama, na wapinzani wakawaka. Desemba 1, Stéphane Dion wa Liberal na Jack Layton wa NDP wakasaini kuunda serikali ya pamoja, huku Bloc Québécois ikiahidi kuwaunga mkono. Jumla yao viti 163. Kisheria hawakuvunja chochote: kule waziri mkuu ni yule anayeaminiwa na wabunge.

Lakini wananchi wengi walichukia. Kwenye kampeni Dion alikuwa amekataa katakata kushirikiana na NDP. Na Bloc inataka Quebec ijitenge! Aliyeipigia Liberal hakuwa ameulizwa kama yuko tayari kwa hilo. Kura za maoni zikampandisha Harper. Akaomba bunge liahirishwe hadi Januari, akakubaliwa, na muungano ukafa.

Machi 2011 wapinzani wakamwangusha kweli, kura 156 kwa 145. Mei 2 wapiga kura wakamrudisha na viti 166. Liberal ikaporomoka kutoka 77 hadi 34.

Sasa msinielewe vibaya. NDP, waliosaini karatasi ileile, siku hiyo walipata viti 103, ambavyo hawakuwahi kuvipata kabla. Kwa hiyo sidhani kama watu walichukia kuungana kwenyewe. Mimi naona walichukia kushtukizwa: unaomba kura kwa neno hili, ukishaipata unaitumia kwa lile.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu wa kambi ya upinzani, ambayo hata mimi niliipigia kura: mkitaka kuungana, semeni jukwaani kabla hatujapanga foleni. Kama wazo limekuja baadaye, iteni mkutano mtuulize. Kura yangu nilimpa mtu mmoja, kwa ahadi alizozitoa yeye. Sikumpa aende kuigawa.