Rungu Bila Daftari

Wapo wanaosema kwamba uhalifu mitaani utakwisha siku kila nyumba itakapotoa kijana wa kulinda usiku. Maneno hayo nimeyasikia katika mikutano mingi hapa Bagara, na kila mara hupigiwa makofi. Mimi sipigi. Sina ugomvi na ulinzi wa wananchi. Ugomvi wangu ni na ulinzi usiowajibika kwa mtu.

Tukumbuke ulikotoka. Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Usukumani na Unyamwezini, wakati wezi wa ng'ombe na majambazi wenye bunduki walipokuwa wamewachosha wafugaji, hasa baada ya vita vya Uganda. Mwaka 1989 sheria ikawapa uwezo wa kukamata kama ule wa mgambo. Zingatia neno hilo, ndugu msomaji: kukamata. Kuhukumu hawakupewa, wala kuadhibu. Hata polisi jamii, iliyohimizwa na IGP Said Mwema tangu mwaka 2006, ilikuwa na ahadi hiyohiyo: raia alinde na kutoa taarifa, polisi apeleleze, mahakama iamue.

Sasa nieleze kwa nini nasema haya kwa uchungu. Tangu Babati ilipofanywa makao makuu ya Mkoa mpya wa Manyara mwaka 2002, wageni wamekuwa wengi, na sisi tuliozoea kujuana kwa sauti gizani hatujuani tena. Usiku mmoja mwaka 2011 nilisikia mtu akigusa lango langu. Nikapiga yowe. Vijana wa doria walifika upesi kweli, na kabla sijafungua mlango nilikwisha kusikia marungu yakifanya kazi. Aliyelala chini alikuwa utingo wa lori aliyeshuka barabara kuu, akitafuta nyumba ya shangazi yake, jirani yangu wa tatu. Hakufa. Jicho la kushoto halikupona. Mimi niliyekuwa nikiandika kosa la mwanafunzi katika kitabu kabla ya kumchapa, usiku ule sikuandika kitu, na asubuhi hakuna aliyejua nani alipiga kwanza. Aliyepiga yowe ninamjua.

Wenzangu huniambia, "Mwalimu, mwizi akipelekwa kituoni kesho yuko mtaani." Ni kweli hurudi. Lakini mara nyingi hurudi kwa sababu dhamana ni haki yake, au kwa kuwa sisi tuliomkamata hatukwenda kutoa ushahidi. Hatuendi kwa sababu tunaogopa: mtu anataja jina asubuhi, jioni mtajwa anamsalimia kwa kejeli kilabuni. Kosa hilo si la vijana wa doria. Mwananchi anaombwa mikono yake na fedha zake, lakini siri yake haitunzwi.

Na fedha zenyewe! Mwenye duka hulipa mchango akalala. Mama muuza ndizi asiye na cha kulipa hutoa mwanawe akeshe nje kwenye baridi ya Kwaraa. Ukiuliza risiti, wewe ni mchochezi.

Huko Boston, Marekani, mwaka 1996 polisi walishirikiana na wachungaji na wahudumu wa mitaani, wakakaa na vijana wa magenge uso kwa uso. Mauaji ya vijana yakapungua sana. Sisi vijana wetu wa bodaboda, wanaojua kila uchochoro, tunawaita mkutanoni wakati wa kuwashuku tu.

Nataka daftari. Kila zamu iandike waliokuwamo, saa waliyomkamata mtu, hali aliyokuwa nayo, na askari aliyempokea. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya mkutano wa mtaa, na askari wa kata aje atueleze kesi zilifikia wapi, bila kutaja waliotoa taarifa. Mpaka hapo sitoi mchango, na mwenyekiti nimeshamwambia hivyo. Amenijibu kwamba doria itairuka nyumba yangu. Na iiruke.