Kicheza Muziki Kidogo: Si Simu, Tusikifukuze

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Hapa Rongai siku hizi kinyemi chetu ni kile kicheza muziki kidogo, ukubwa wake kama kiberiti, chenye kibanio cha kukishikiza kwenye kola ya shati. Nimekitumia kwa muda wa wiki tatu sasa. Kwa kuwa kila ninapopita naulizwa, "Aisee, kinafaa kweli?" naona heri niwajibu wote kwa pamoja. Kinafaa. Tena ninaomba chama chetu kiruhusiwe kukitumia, na sababu ninazo.

Kwanza tukijue chenyewe. Hakina kioo, hakina laini, hakipigi wala kupokea simu na hakiingii mtandaoni. Kina vitufe vichache tu: cha kucheza, cha kwenda mbele na kurudi nyuma, cha sauti, na kimoja cha kurekodi. Nyimbo hukaa ndani ya kadi ya memori iliyo ndogo kama ukucha. Dakika moja ya wimbo wa kawaida huchukua karibu megabaiti 1, kwa hivyo kadi ya gigabaiti 8 hubeba zaidi ya saa 130. Kaseti moja ya kawaida ya wazazi wetu ilibeba saa moja. Yaani kaseti zaidi ya mia zimeingia ndani ya ukucha! Si mchezo.

Kasoro zipo, sitazificha. Visikilizio vinavyouzwa nacho ni vya bei rahisi, na ngoma husikika kama mtu anayegonga debe nyumba ya pili. Tena kwa kuwa hakina kioo, huwezi kuona jina la wimbo. Ukiwa kwenye wimbo wa kwanza na unautaka wa arobaini, basi bonyeza mara thelathini na tisa! Lakini kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yake. Hakuna picha za kukuvuta wala ujumbe wa kukukatiza. Ukisikiliza, unasikiliza tu.

Wapo wanaosema kwamba hiki ni simu iliyovaa nguo nyingine, na kwa sababu simu hairuhusiwi darasani, nacho kifukuzwe. Jameni, tuwe na haki. Simu ilikatazwa kwa sababu ya mazungumzo, picha na mtandao. Kidude hiki hakina hata kimoja kati ya hivyo. Kukihukumu kwa makosa ya simu ni sawa na kumchapa mtoto wa jirani kwa sababu wako amevunja chungu.

Hoja iliyo na uzito zaidi ni ile ya upweke. Redio ya mezani husikilizwa na nyumba nzima. Baba akicheka, hata aliye jikoni hucheka. Visikilizio humfungia mtu ndani ya kichwa chake mwenyewe. Hofu hii si ya leo. Kampuni ya Sony ilipotoa Walkman yake ya kwanza huko Japani mnamo Julai 1979, mwenyekiti wake, Akio Morita, alihofia kuwa ingeonekana ni utovu wa adabu mtu kusikiliza peke yake. Ndiyo maana mashine ile ilikuwa na matundu mawili ya visikilizio ili wawili wasikilize pamoja, pamoja na kitufe cha kupunguza muziki ili waweze kusemezana. Basi kama waundaji wenyewe waliwaza hayo, sisi ni nani tusiwaze?

Kuna na hatari za mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki. Ikipanda kufika desibeli 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima! Sikio likishaharibika kwa kelele halirudi lilivyokuwa. Na barabarani je? Sisi wa shule ya kutwa tunatembea kando ya barabara ya kwenda Eldama Ravine, malori yanapita, bodaboda zinapita, na reli ya kwenda Uganda inakatiza hapa hapa Rongai. Mwenye kuziba masikio yote mawili njiani anacheza na roho yake. Njiani visikilizio vikae mfukoni, basi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, nalo ni kile kitufe cha kurekodi. Wengi wetu hata hatukigusi. Katika fasihi simulizi tunafundishwa kuwa mtafiti akienda nyanjani huhitaji kinasa sauti. Tunayaandika hayo katika mtihani, tunapata alama, halafu basi. Daftari hunasa maneno, lakini halinasi kicheko cha msimulizi, wala jinsi anavyoshusha sauti fisi anapokaribia, wala vigelegele vya wanaoitikia.

Na Rongai hii ni ghala. Mashamba makubwa ya mkonge na mahindi yalivuta watu kutoka pembe nyingi za nchi. Katika mtaa mmoja utampata mzee wa Kikalenjin, nyanya wa Kikuyu, mama wa Kiluhya na jirani Mturkana. Kila mmoja ana bembelezi zake, vitendawili vyake na nyimbo za kazi ambazo hazimo katika kitabu chochote. Wanazeeka. Mzee akiondoka, huwezi kubonyeza kitufe cha kurudi nyuma.

Kwa hivyo, walimu wetu, ombi langu ni hili. Chama kiwe na vicheza muziki viwili vitatu, vikae kabatini kwa mlezi wetu, vitolewe kwa kutia sahihi. Mwanachama aombe ruhusa ya mzee kabla ya kurekodi. Akirudi, tusikilize pamoja bila visikilizio, kwa kipaza sauti kidogo mezani, na yule anayeijua lugha hiyo atufasirie kwa Kiswahili. Tukifanya hivyo muhula mmoja tu, tutakuwa na hazina ambayo jarida hili litaichota kila mwaka.

Ndugu zangu, jazeni nyimbo mzipendazo, sikatai. Hata mimi ninazo. Lakini katika zile saa 130, tuwaachie wazee wetu angalau saa kumi.

Mwenye masikio na asikie, ila kwa sauti ya wastani!