Ada ya simu isikwepwe kwa ujanja

Msimu wa matunda unapofika, wakazi wengi wa Lushoto na Soni wenye miti michache tu ya plamsi au peasi nyuma ya nyumba hupata wateja hadi Dar es Salaam. Mzigo hupakiwa kwenye basi, malipo huja kwa simu. Hapo ndipo ujanja huanza. Baadhi ya wanunuzi hawatumi fedha kutoka kwenye simu zao, bali humpa wakala taslimu na namba ya muuzaji ili amwekee moja kwa moja. Ada ya kutuma imekwepwa.

Ni kweli makato huumiza, hasa kwa mauzo madogo. Lakini kampuni ya simu humlipa wakala kamisheni kwa kumwekea mteja fedha zake mwenyewe, si kwa kuzipeleka kwa mtu mwingine. Tena, ujumbe anaoupata muuzaji hubeba jina la wakala. Ukizuka ubishi kuhusu nani amelipia tenga lipi, mnunuzi hana ushahidi kwenye simu yake. Na ada ya kutoa hubaki kwa mkulima.

Makato makubwa yapingwe hadharani. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, wananchi walilalamika, na Septemba mwaka huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kwa sasa, muuzaji na mnunuzi wapatane mapema nani atabeba ada ya kutuma na ya kutolea, kabla tenga halijapanda basi. Mali bila daftari hupotea bila habari.