TAHARIRI: MSHAHARA WA MSEJA ULIPINGWA, SAA ZA MSEJA ZINGALIPO



Mwezi huu twaacha kidogo habari za injini na mabehewa, tuseme habari za benki. Huenda mwenzetu mmoja akauliza, "Watu wa reli na benki, wapi na wapi?" Jawabu si gumu. Pita nyumba kwa nyumba hapa Bofu. Baba yuko relini au bandarini, lakini binti yake, au mkewe, au mke wa mwanawe, yuko kwenye kaunta ya benki, au ofisi ya bima, au Sacco, au kibanda cha M-Pesa. Kazi ya fedha imekwisha kuingia majumbani mwetu, na matata yake yameingia pamoja nayo.

Juzi mzee mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, alifika kwenye tawi na karatasi mkononi. Binti yake ni karani wa benki, ana miaka minane kazini, na ana mimba ya miezi sita. Mkuu wake hakumfukuza. Alimwita ofisini, akamkaribisha kiti, akamwambia kwa sauti ya upole: "Kazi hii na mtoto mchanga haviendi pamoja. Afadhali uache kwa heshima. Mtoto akikua, uje uombe tena." Kisha akampa barua ya kuacha kazi iliyokwisha kuandikwa, imebaki sahihi tu. Mzee akatuuliza, "Je, atie?"

Tulimjibu: asitie. Na leo twataka kuwaeleza nyote sababu yake, maana barua ya namna hii yaweza kufika katika nyumba yoyote.

Wazee wetu walilijua neno moja ambalo vijana wengi wa leo hawalijui: mshahara wa mseja. Zamani za ukoloni, mwajiri alipopanga mshahara wa Mwafrika alimhesabu kuwa mtu peke yake, hana mke wala mtoto. Aila yake ilidhaniwa inakula shambani huko kwao. Januari 1947, wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000, wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata watumishi wa nyumbani, waligoma kwa siku kumi na kitu. Walikutana katika kiwanja cha Majengo, wakakiita Kiwanja cha Maskini. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri kwamba mshahara wa mseja haufai, na kwamba yapasa mshahara uhesabiwe kwa mtu mwenye mke na watoto. Jambo hilo halikuwa zawadi. Lilitoka katika jasho na njaa ya watu waliokataa kuhesabiwa nusu.

Sasa mtazameni karani wa benki. Mshahara wake, ukiulinganisha na kazi nyingine nyingi, si wa mseja. Lakini saa zake ni za mseja.

Karani akaaye Bofu huamka saa kumi ya alfajiri. Apike, amwandae mtoto, amfikishe kwa jirani au kwa bibi yake, apande matatu mpaka kivukoni, asimame katika umati wa watu kungoja feri. Watu wa miguu hatulipi nauli ya feri, lakini twalipa kwa saa zetu. Akivuka, ni matatu nyingine au miguu yake mpaka mjini, na lazima awe ndani kabla mteja wa kwanza hajafunguliwa mlango. Alasiri mlango ukifungwa, kazi haijesha. Fedha zihesabiwe, zilingane na vitabu. Zikipungua, haondoki mpaka zionekane au azijaze mfukoni mwake. Juu ya hayo kuna malengo ya mwezi: amefungua akaunti ngapi, ameleta watu wangapi wa mikopo. Arudipo kivukoni magharibi imeingia. Afikapo nyumbani mtoto amelala.

Saa hizo zimepangwa kwa mtu asiye na mtoto wa kumngoja. Anayeweza kuzishika miaka 20 bila msaada ni yule asiye na aila, au mwenye mtu mwingine nyumbani anayembebea mzigo wote. Ndiyo sababu twaona kina dada wengi hodari wakianza kazi ya benki kwa furaha, na wakizaa mtoto wa pili waache.

Sheria yasemaje? Chini ya Sheria ya Kazi ya mwaka 1976, mama mzazi alipata likizo ya miezi miwili yenye mshahara, lakini akiichukua alipoteza likizo yake ya mwaka huo. Yaani kuzaa kulihesabiwa kuwa mapumziko! Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 iliondoa jambo hilo. Sasa mama hupata miezi 3 kwa mshahara kamili, na likizo yake ya mwaka, isiyopungua siku 21 za kazi, haiguswi. Akirudi ana haki ya kazi ile ile aliyoiacha, au nyingine imfaayo isiyo na masharti mabaya zaidi. Baba naye hupata majuma 2 kwa mshahara kamili. Na sheria yasema wazi kwamba mimba si sababu ya haki ya kumfukuza mtu. Mwajiri akifanya hivyo, mahakama ya kazi yaweza kuamuru mfanyakazi arudishwe, au alipwe hadi mshahara wa miezi 12.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo yamtaka mwajiri aweke mahali pa faragha pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa, na ampe nafasi ya kufanya hivyo isiyozidi saa moja katika kila saa nane za kazi. Nafasi hiyo huhesabiwa kuwa kazi, haikatwi mshahara.

Basi sasa mwaona hila ya ile barua. Mkuu yule ajua kwamba hawezi kumfukuza mwenye mimba bila kujiletea kesi. Kwa hiyo amtaka yeye mwenyewe ajifukuze. Akitia sahihi, karatasi itasema kwamba aliacha kwa hiari yake, na kazi ya kuthibitisha kwamba alisukumwa itakuwa juu yake.

Tena iko hesabu nyingine, hesabu ya miaka. Benki zinapopunguza watu, nasi tumeona mara nyingi zikipunguza, sheria yataka mwajiri achaguapo wa kuondoka atazame urefu wa utumishi wa mtu, pamoja na ujuzi, uwezo na uaminifu wake. Na anayeondoshwa hivyo hulipwa mshahara usiopungua siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Mwenye miaka 12 isiyokatika atapata si chini ya siku 180. Lakini yule aliyeacha "kwa heshima" katika mwaka wa nane, akaomba tena mtoto alipokua, huanza moja. Akipunguzwa baada ya miaka 3 ana siku 45, na katika kuchaguliwa yeye ni mgeni. Miaka yake minane imekwenda na maji ya kivuko. Heshima gani hiyo?

Hapa yanipasa kusema ukweli wangu mwenyewe, maana si vyema kuwaonyesha wakubwa kidole na kuficha mkono wa pili. Mke wangu naye ni karani wa fedha. Alipozaa mtoto wetu wa kwanza, nilikuwa na haki ya majuma yangu mawili, na sikuyaomba. Niliogopa wenzangu wa zamu watanicheka, na moyoni nilisema uzazi ni shughuli ya kina mama. Siku ya nne nilikuwa kazini. Mke wangu alibaki na kidonda cha upasuaji, akichota maji mwenyewe. Alipomaliza miezi yake mitatu alirudi kaunta amechoka kuliko alivyoondoka, na nusura aache kazi. Hakuna mkuu aliyempa barua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsukuma, wala sikujua. Mtoto wa pili alipozaliwa nilichukua siku zote. Mwenzangu mmoja alicheka. Mwaka uliofuata alinijia faraghani kuniuliza fomu hujazwa vipi.

Ndugu zangu wanaume, tusijidanganye. Mkataba mzuri wa benki haumfai kitu mama ambaye nyumbani kwake mumewe hajui mtoto hula nini. Kama zamu yako ni ya usiku, asubuhi waweza kumpeleka mtoto shule. Kama ni ya asubuhi, jioni waweza kumchukua.

Wako wenzetu wengine ambao hali yao ni mbaya zaidi. Kwanza ni makarani walioletwa benki na kampuni ya tatu kwa mkataba wa miezi michache, unaoandikwa upya kila mara. Hukaa kaunta moja na wenzao na huvaa tai moja, lakini mkataba ukiisha mama akiwa na mimba, huambiwa tu kwamba haukuendelezwa. Pili ni kina dada wa vibanda vya M-Pesa. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha nyingi za watu wetu hupita mikononi mwao, lakini wengi wao hawana hata karatasi moja ya kuajiriwa. Na wajue hili: sheria haikusema miezi 3 ni ya watu wa majumba ya vioo tu. Aliyeajiriwa kibandani ni mfanyakazi, na mwenye kibanda ni mwajiri.

Basi tufanye nini? Chama chetu chatoa shauri hili.

Kwanza, kila mwenye binti, mke au mwana katika benki au bima amwulize kama ni mwanachama wa BIFU, chama cha wafanyakazi wa mabenki, bima na fedha. Waajiri wao wana umoja wao, Kenya Bankers Association, na pande hizi mbili hutia sahihi mapatano ya pamoja. Chini ya sheria, mapatano hayo huingia katika mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika. Mwajiri hapuuzi umoja wake. Karani naye asipuuze wake.

Pili, mwenye mimba atoe habari kwa maandishi, mapema, wala asingoje zile siku 7 zitakiwazo na sheria. Abaki na nakala yenye mhuri au tarehe ya kupokelewa. Neno la mdomo hupeperuka.

Tatu, asitiwe haraka. Barua yoyote iliyoandikwa na mkuu kwa niaba yako, ichukue nyumbani, isomwe na katibu wa tawi. Aliyekwisha kudhulumiwa aende ofisi ya kazi hapa Mombasa, na asilale, maana dai la mkataba wa kazi lina muda wa miaka 3 tu.

Nne, vyama vyote, chetu na chao, vidai yale ambayo sheria ya mwaka 2007 haikuyataja. Haikuweka siku za kumwuguza mtoto. Ugonjwa ulioandikwa ni wa mfanyakazi mwenyewe. Mkataba nambari 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, wataja majuma 14 ya uzazi, nasi miezi yetu 3 hupunguka hapo kidogo. Tena yafaa tudai kwamba mama mwenye mtoto mchanga anayevuka feri asipewe kazi ya kufunga hesabu kila jioni, na kwamba miezi ya likizo ya uzazi isihesabiwe dhidi yake wakati wa kupandishwa cheo.

Hatusemi benki ni mahali pabaya. Ni kazi safi, na mtu aweza kuanza karani akaishia meneja. Twataka watoto wetu wakae humo mpaka wastaafu, nao wawe wamelea watoto wao kwa macho yao.

Binti wa yule mzee hakutia sahihi. Aliandika barua yake mwenyewe, akataja tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi, akaipeleka kwa mkono na kupewa mhuri. Jibu halijafika. Ile barua ya mkuu tunayo hapa katika faili ya tawi, na pale chini penye nafasi ya jina pangali peupe.

Ndugu, wazee wetu walikataa mshahara wa mseja. Sisi tukatae saa za mseja. Mkutano wa tawi ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Njooni na wake zenu na mabinti zenu, na mwenye mtoto mchanga aje naye.

Umoja ni nguvu.